Ditekta inalia ovyo ufukweni Kigoma: dalili, chanzo na dawa yake

Maelekezo mengi ya kusaka metali ufukweni yameandikwa na watu wa bahari. Wanazungumzia chumvi, maji kupwa na kujaa, na pete za watalii. Ukiyabeba yote hayo hadi Kibirizi au Katonga, nusu ya matatizo utakuwa umejitengenezea mwenyewe kabla koili, ile sahani ya chini ya ditekta, haijagusa maji. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ya Ziwa Tanganyika ina kama nusu gramu au kuzidi kidogo, ukihesabu chumvichumvi zote zilizoyeyuka humo. Ziwa halipwi na kujaa kila siku kama Tanga au Bagamoyo. Na sarafu zinazodondoka kwenye mchanga wa Kigoma ni zetu, ambazo nyingi zake za leo zina kiini cha chuma, wakati mashine ilipotoka kiwandani imefundishwa kukidharau chuma.

Hapa naongelea ditekta ya kawaida ya koili, ile inayotuma mawimbi mfululizo na kuonyesha kwenye kioo namba inayoashiria aina ya metali. Zile za mapigo, zinazotuma umeme kwa vipigo vifupi badala ya mfululizo, nitazigusa zinapohusika.

Inalia hata ukiwa umesimama

Usianze kubonyeza vitufe. Inua koili hadi usawa wa kiuno, ishike bila kuitikisa, sikiliza. Ikiendelea kulia hewani, mchanga na maji hayana kosa. Kuna kitu kinaiingilia kutoka nje, au kuna hitilafu kwenye mashine yenyewe.

Mshukiwa wa kwanza ni simu yako. Ikiwa mfukoni na data imewashwa, inatosha kuichanganya ditekta. Iweke kwenye hali ya ndege au muachie mwenzako aliyekaa pembeni. Baada ya simu, angalia juu: nyaya za umeme, transfoma, mnara wa simu. Kisha angalia pembeni: jenereta ya hoteli, inveta, pampu ya maji. Kwenye mialo ya dagaa kuna chanzo kingine ambacho maelekezo ya bahari hayakitaji kabisa, nacho ni betri na chaja za taa za kuvulia. Zamani karabai zilikuwa za mafuta na hazikuwa na shida na mtu. Sasa taa nyingi ni za LED, na mahali zinapochajiwa ditekta haitulii. Sogea mbali mpaka inyamaze. Kama mko wawili wenye mashine, achaneni kwa hatua ishirini au zaidi, maana ditekta mbili zenye masafa yanayokaribiana hupigiana kelele.

Mashine nyingi zina uwezo wa kubadilisha masafa kidogo au kuchagua chaneli. Jaribu chaneli moja baada ya nyingine na ubaki na iliyo kimya zaidi. Hilo likishindikana, punguza usikivu hatua kwa hatua.

Umekwenda mbali na kila kitu na bado inalia? Rudi kwenye waya. Plagi ya koili ikilegea kidogo tu, inatoa sauti ambazo hazifuati mpangilio wowote. Ikaze kwa mkono, usitumie koleo. Waya wenyewe uzungushe kwenye fimbo ubane vizuri, kwa sababu waya unaoning'inia karibu na koili nao hugunduliwa kama kitu. Kisha vua kifuniko cha chini cha koili. Wengi hawajawahi kukivua tangu waliponunua, na ndani yake kuna mchanga uliolowa wenye chembe za chuma zinazotembea na koili kila unapoipunga. Osha, kausha, rudisha.

Cha mwisho ni betri. Zile za zinki kaboni zinazouzwa kila duka kwa ajili ya tochi na redio zinashusha nguvu haraka, na ditekta inayokaribia kuishiwa huanza kubwabwaja kabla ya kuzima. Tumia alkalini, au za kuchaji. Za kuchaji aina ya nikeli zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo alama ya betri kwenye kioo itaonyesha pungufu hata zikiwa zimejaa. Usihangaike nayo.

Hewani inatulia, ikishuka kwenye mchanga inalia

Angalia kwanza umechagua programu gani. Mtu akiona neno la ufukwe kwenye menyu, na yeye amesimama ufukweni, anaona wala hakuna la kufikiri. Kumbe programu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme zaidi ya mara 50 kuliko ya Tanganyika, na kwa ditekta maji ya namna hiyo yanafanana na karatasi nyembamba ya metali iliyotandazwa kila mahali. Ili kuyanyamazisha, programu ya ufukwe hushusha nguvu na kukata ishara zote zilizo kwenye eneo hilo la chini la namba. Tatizo ni kwamba eneo hilo ndilo la mkufu mwembamba wa dhahabu na hereni ndogo. Baharini unalipa gharama hiyo kwa sababu huna namna. Kigoma unalipa bure.

Chagua programu ya bustani au ya shamba, hata ukiwa umezama kiunoni. Kwa sababu hiyo hiyo, ditekta rahisi ya masafa mamoja, ambayo baharini ingekuwa mateso kwenye mchanga wa maji, hapa inafanya kazi vizuri. Garrett AT Pro kwa mfano ni ya kilohezi 15 tu na inavumilia maji mpaka mita 3, na kwenye maji baridi haina cha kuona aibu mbele ya mashine za masafa mengi zenye bei ya juu. Akikuambia mtu kwamba bila mashine ya mapigo hutapata kitu majini, muulize alisakia wapi.

Kama programu ni sahihi na bado inalia, sasa ushuku ardhi. Milima inayozunguka mji ina udongo mwekundu, na mvua huuleta mpaka ufukweni, hasa kwenye midomo ya vijito. Udongo huo una madini ya chuma. Pia tazama kama kuna michirizi myeusi kwenye mchanga pale mawimbi yanapoishia. Chukua sumaku, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu ya mchirizi. Ikirudi na manyoya meusi, ujue unasaka juu ya chembe za chuma, na mashine lazima isawazishwe na ardhi hiyo.

Kusawazisha kunafanyika hivi: tafuta sehemu isiyo na kitu, bonyeza kitufe cha kusawazisha, na upandishe na kushusha koili kati ya sentimita tano na ishirini juu ya mchanga mpaka sauti iwe sawa juu na chini. Wengi wanafanya mara moja asubuhi na kusahau. Ufukwe una kanda tatu: mchanga mkavu, mchanga unaolambwa na mawimbi, na chini ya maji. Kila unapohama kanda, rudia. Ukipita mdomo wa kijito, rudia pia.

Kisha punguza usikivu. Najua inauma, kwa sababu kila mtu anaamini usikivu wa juu ndio kina kirefu. Lakini mashine inayolia kila sekunde inaficha ishara ya kweli ndani ya kelele zake. Punguza mpaka kimya kirudi, halafu panda hatua moja tu.

Kuna na kosa la mkono. Ukipunga na kuinua koili mwishoni mwa kila mpigo, inapoondoka na kurudi ardhini mashine inaona ardhi inabadilika, nayo inalia. Sauti zinazotokea kushoto kabisa na kulia kabisa, na kamwe si katikati, chanzo chake ni hicho. Na pale kwenye mawe, kuelekea Bangwe kwa mfano, kila koili inapogonga jiwe unasikia mlio mfupi mkavu. Punguza mwendo, pitisha juu kidogo.

Inapata kila kitu isipokuwa pesa

Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanakwama, na hakuna maelekezo ya kigeni yatakayokusaidia.

Chukua sumaku ile ile na sarafu zilizo mfukoni. Ya shilingi 50 itanasa. Ya 100 itanasa. Hizo mbili ni chuma kilichopakwa shaba ya njano, rangi inakudanganya. Ya 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli, nayo itanasa. Ya 200 ijaribu mwenyewe, ulinganishe ya zamani na mpya. Sasa fikiria ditekta iliyowekwa kukataa chuma ili isikusumbue na misumari: umeiamuru ikatae mia tano, kisha unalalamika kwamba ufukwe hauna pesa.

Sarafu za zamani hazina shida hii. Zile za mwaka 1966, senti tano ya shaba nyekundu, senti ishirini ya njano, senti hamsini na shilingi moja za shaba na nikeli, zote zinatoa sauti safi na namba inayotulia. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka ufukweni na senti ishirini ambayo hainunui chochote, akiwa ameacha nyuma mia tano kadhaa.

Dawa ni kutengeneza jedwali lako. Tafuta kipande cha ardhi nyumbani, Gungu au Mwanga au popote, mbali na mabati na nondo. Kipitishie koili kwanza uhakikishe ni kitupu. Laza sarafu moja moja, andika namba na namna inavyolia. Ilaze bapa, kisha isimamishe kwa ukingo. Izike sentimita tano, kisha kumi, kisha kumi na tano. Weka pia pete ya dhahabu uliyoazima, pete ya fedha, kifuniko cha soda, kishikio cha kopo, msumari wa mtumbwi, risasi ya wavu, na kipande cha karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara.

Utaona mambo mawili. La kwanza, sarafu za chuma kilichopakwa hazitulii: namba inaruka kati ya eneo la chuma na eneo la juu, lakini sauti yake ni fupi na ya mviringo, na ukigeuka ukaipitia kwa upande mwingine inabaki mahali pale pale. Msumari nao unarukaruka, ila sauti yake hukatika, na ukigeuka upande inahama au inapotea. Tofauti hiyo masikio huishika baada ya muda, kioo hakitakuambia. La pili, pete ya dhahabu inaangukia jirani kabisa na kishikio cha kopo, na risasi ya wavu inaweza kuwa hapo hapo. Hakuna mpangilio wa kuchuja utakaotupa takataka hizo ukakuachia dhahabu. Anayekuuzia mashine akisema upo, anakuuzia na maneno.

Ushauri wangu ni kwamba uamuzi wa kuchimba ufuate mahali. Ufukwe wa kuogelea, kama ule wa Jakobsen, una takataka chache na watu wanaovua nguo na kuvaa. Huko chimba kila kinacholia vizuri, chuma kinachorukaruka nacho. Mwaloni ni kinyume. Kuna risasi za nyavu, ndoano, vipande vya waya, spaki plagi za injini, betri zilizochakaa, na pale Ujiji wanapounda maboti kuna misumari iliyomwagwa na vizazi vya mafundi. Ukichimba kila kitu huko utachoka kabla ya saa nne asubuhi. Chagua sauti safi tu, ukubali kupoteza mia tano.

Mashine ya mapigo, ambayo kwenye bahari yenye mchanga mweusi ni mfalme, karibu haina uwezo wa kutenganisha chuma na kisicho chuma. Ipeleke Ujiji uone.

Namba nzuri, ukichimba hamna kitu

Kwanza geuka nyuzi tisini na upitishe koili tena. Ishara iliyokuwa tamu kwa upande mmoja na kutoweka kwa upande mwingine ni chuma kirefu au kilichopinda. Acha.

Kama inalia pande zote, pengine unachimba pembeni. Koili nyingi za sasa zimeundwa kwa nyaya mbili zenye umbo la D zinazopandana katikati, na mahali pake pa kusikia sana ni mstari wa kati kutoka mbele hadi nyuma, wala si duara zima. Kitu kisichokwenda chini sana kinaweza kulia mara mbili, kikipita ukingo wa kushoto na wa kulia. Inua koili kidogo mpaka ubaki na mlio mmoja.

Chini ya maji shimo halikai. Ukitoa chepe, mchanga unarudi, na kitu kizito kinateleza kwenda chini zaidi kuliko kilipokuwa. Weka mguu pembeni ya alama, chota kwa kuingiza chepe nyuma ya kitu na si juu yake, kisha pitisha koili juu ya shimo kabla ya kuchunguza ulichochota. Bado inalia? Kimebaki. Imenyamaza? Kimo kwenye chepe au kimepita kwenye matundu. Matundu ya milimita 10 hadi 12 yanapitisha hereni na hata pete nyembamba iliyosimama vizuri. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea chepe la chuma kisichoshika kutu. Mwambie matundu ya milimita 8, na mpini urefu wa kifua chako. Mchanga wa Kigoma katika sehemu nyingi ni mnene wa punje, kwa hiyo utalazimika kutikisa zaidi. Ni bora kuliko kurudisha hereni ziwani.

Kuna kingine kinachochanganya: chuma kilichokaa miaka mingi hutoa kutu inayosambaa kwenye mchanga unaokizunguka, na ditekta inasoma kutu na chuma pamoja kama kitu kikubwa. Ukishavuruga mchanga, ishara inafifia au inavunjika vipande. Karibu na bandari na reli hilo ni la kawaida. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli ya Kijerumani ambayo leo ni MV Liemba iliungwa hapo hapo ikashushwa majini mwaka 1915, ribiti kwa ribiti. Chuma kimekuwa kikidondoka upande ule kwa zaidi ya karne. Eneo la bandari lenyewe usiingie na ditekta hata kidogo.

Kabla ya kulaumu mchanga, jikague mwenyewe: buti zenye kidole cha chuma, chepe ulilolishika karibu na koili, bangili kwenye mkono unaoshika pinpointa, kile kijiti kidogo cha kutafutia kitu ndani ya shimo.

Koili inaelea au maji yanaivuta

Koili nyingi zimejazwa povu ndani, kwa hiyo zinataka kupanda. Funga kimfuko cha mchanga kwenye fimbo juu ya koili. Usitumie risasi wala nati, utaisikia kila saa. Koili yenye uwazi katikati inakata maji kwa urahisi kuliko iliyozibwa.

Imezima baada ya kuingia maji

Kuna mashine ambazo koili peke yake ndiyo haipitishi maji, sanduku la juu halitaki hata manyunyu. Soma kitabu chake kabla ya kuamini maneno ya dukani.

Kama yameingia: zima, toa betri, usichaji, usiwashe kujaribu. Fungua kila kifuniko kinachofunguka na uiweke kivulini penye upepo kwa siku mbili au tatu. Jua la mchana la Kigoma litapindisha plastiki, na mchele hausaidii zaidi ya upepo. Baada ya hapo tafuta ilipovuja. Mara nyingi ni pete ya mpira ya mlango wa betri iliyokaliwa na punje moja ya mchanga au unywele. Isafishe, ipake grisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini yanavimbisha aina kadhaa za mpira, usiyatumie. Vituo vya betri vikiwa na ukungu wa kijani au mweupe, visugue kwa siki kidogo kwenye pamba, futa, kausha.

Hedifoni zisizo na waya zikikatika kila unapoinama, si ugonjwa. Mawimbi yake hayasafiri ndani ya maji. Sanduku likizama, sauti inakufa. Tumia za waya zilizotengenezwa kwa maji, au baki kwenye kina ambacho sanduku liko nje.

Mashine ni nzima, ufukwe ni mtupu

Hapa tatizo ni kusakia mahali pasipofaa. Watu wa bahari watakuambia usubiri maji yakipwa. Ziwa lina kalenda yake: kwa kawaida maji hufika juu kabisa karibu Aprili na Mei, mvua zinapoisha, na hushuka chini kabisa Oktoba na Novemba. Tofauti ni chini ya mita moja kwa mwaka wa kawaida, lakini kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo hiyo ni hatua nyingi za mchanga unaoachwa wazi. Panga kazi yako ya majini kwa miezi hiyo ya mwisho wa kiangazi.

Juu ya kalenda hiyo kuna mabadiliko ya muda mrefu. Tangu mwaka 2020 hivi ziwa limepanda sana na kufunika fukwe, mialo na nyumba. Mahali watu walipokaa na kuoga miaka kumi na tano iliyopita sasa ni ndani ya maji, wakati ukingo wa leo ni mahali palipokuwa na nyasi na vichaka. Mtu anayesaka mchanga mkavu wa leo anasaka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Muulize mvuvi mwenye umri ukingo ulikuwa wapi zamani, kisha ingia majini hadi hapo.

Ukirudi nyuma zaidi mambo yanageuka. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, ziwa lilikuwa juu kuliko leo. Miaka michache baadaye, kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo kilifunguka na maji yakashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo sababu mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwao uko mbali na maji. Kwa hiyo anayetafuta Ujiji ya kale kwenye mawimbi ya leo hataipata, na ilipo kweli haruhusiwi kuchimba.

Kiangazi kina upepo wa kusini-mashariki. Siku ukivuma sana, mawimbi hukata mchanga na kuacha ngazi ndogo. Kesho yake nenda mapema. Vitu vizito hujikusanya kwenye ukanda mmoja, mara nyingi juu ya changarawe au udongo mgumu. Ukikuta risasi mbili za wavu na sarafu moja kwa mstari, acha kuzurura. Fuata mstari huo sambamba na ukingo mpaka uishe.

Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa wengi hupumzika, maboti yako juu na nyavu zinashonwa mchangani. Siku hizo mwalo haufai kwa kazi yako. Na popote dagaa walipoanikwa, zunguka.

Ditekta ya antena inazunguka lakini haionyeshi kitu

Wala haitaonyesha. Vile vijiti viwili, au bunduki yenye antena inayodai kuona dhahabu mita 50 chini, havipimi chochote. Ditekta ya kweli inasikia sarafu kwenye sentimita ishirini, thelathini ikiwa na bahati. Hakuna mpangilio wa kukusaidia. Omba pesa yako irudi.

Ngozi inawasha baada ya kutoka majini

Inaweza kuwa minyoo ya kichocho inayopenya ngozi. Hukaa na konokono kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na midomoni mwa vijito. Epuka sehemu hizo, jikaushe kwa taulo mara utokapo, na nenda kituo cha afya upimwe baada ya wiki kadhaa hata kama muwasho umeisha. Prazikwanteli inatibu. Kuhusu mamba, waulize wenyeji kabla ya kuingia, kila sehemu na kila msimu. Ziwa ni la bonde la ufa: kuna mahali unapiga hatua mbili kutoka kiunoni na chini hakuna tena.

Watu wanakuzingira

Hii haimo kwenye kitabu cha mashine yoyote, lakini itakusimamisha haraka kuliko betri mbovu. Mtu mwenye hedifoni na koili ufukweni, kwa macho ya wengi, anatafuta mali za Mjerumani. Ndani ya nusu saa kuna watu ishirini, mmoja ana ramani, mwingine babu yake alionyeshwa sanduku.

Anza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi na ufukwe wa mwalo, na mwenyekiti wa mtaa, kabla hujafungua begi. Maneno yawe mafupi: "Shikamoo mzee. Nina mashine ya kutafuta sarafu na pete zilizodondoka mchangani. Naomba ruhusa nipite asubuhi hii, na mashimo nitafukia." Ukikuta wakubwa wamekaa, simamisha kazi, waonyeshe mashine inavyolia kwenye kifuniko cha soda. Kifuniko hicho kinamaliza habari za dhahabu ya Mjerumani kuliko maelezo. Kwenye ufukwe wa mtu binafsi mwombe mwenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Gombe usifikirie.

Ukipata pete yenye majina au alama, uliza BMU na watu wa karibu kabla ya kuiita yako. Ukikuta heleri, sarafu ya enzi za Mjerumani, yenye tundu katikati, au vipande vya vyungu na shanga vikianza kutoka pamoja, simama. Kuchimba ili kutafuta vitu vya kale bila leseni kunakatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na makumbusho ya Ujiji yako karibu; wapelekee taarifa. Risasi ya bunduki au kitu chochote chenye umbo la bomu usikichote, usikitikise kwenye chepe, usikipige picha kwa karibu. Weka alama pembeni, waondoe watoto, wapigie polisi.